Anayekimbiza na Anayekimbia

Wiki mbili nzima sijaandika kitu na wengine mmeshaanza kunitangazia msiba. Nipo jamani. Sijadisko, sijaolewa, na bumu halijaniishia bado (linakaribia, ila tuyaache hayo). Kilichonimeza ni adui.

Adui mwenyewe ana upana wa pikseli 32 na anaishi ndani ya laptopu yangu ya mtumba. Nimekaa naye tangu nilipokuwa fildi, na leo nataka niwaeleze habari zake zote, maana kila anayeingia chumbani kwetu ananiuliza, "Hivi wewe si unasoma ualimu? Magemu ya nini tena?" Sasa nikishawaeleza humu nitakuwa nimejibu mara moja, nisiulizwe tena!

Mnaonifahamu mnajua nasoma Elimu, na masomo yangu ya kufundishia ni Baiolojia na Jiografia. Kompyuta nimejifunza kwa kumsumbua rumeti wangu, yeye ndiye mwana-kompyuta halisi. Fildi nilipangiwa sekondari moja huko huko nyumbani, Nyakanazi. Kwa wasiopajua: unatoka Dar na basi alfajiri, unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Ushirombo, Runzewe, mpaka mgongo unakuwa si wako tena. Hapo unakuta njia panda. Kushoto unakwenda Kakonko, Kibondo, mpaka Kigoma. Mbele ni Lusahunga, halafu malori yanaendelea Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, na mengine yanakata kwenda Biharamulo na Bukoba. Njia panda hiyo ndiyo Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, jirani kabisa na Ngara. Ni mji wa malori. Mtoto wa kwetu anajua majina ya semitrela kabla hajajua jedwali la mara mbili.

Na watoto wa kwetu wanajua magemu, msidanganyike. Kuna vibanda vya plesteshen, unalipia kwa mechi, na kuna madogo wa kidato cha pili wanacheza mpira wa kwenye skrini kuliko wanavyocheza wa miguu. Nilipoanzisha klabu ya kompyuta kila Jumatano baada ya vipindi, nilitegemea watano. Wakaja kumi na moja, na laptopu ni moja, betri inakaa dakika hamsini. Nikawaambia hatutacheza gemu, tutatengeneza. Wakashangilia kama wamefunga goli.

Swali la kwanza nililowauliza ni hili: gemu la kupigana linahitaji nini? Wakataja bunduki, damu, magari, muziki. Hakuna aliyetaja adui mwenye tabia. Na hapo ndipo kazi yote ilipo. Bunduki unaweza kuichora nusu saa. Adui anakula mwezi.

Mfano wa zamani kuliko wote wanaoupenda watengenezaji ni Pac-Man, gemu la Kijapani la mwaka 1980, kazi ya Toru Iwatani na wenzake wa kampuni ya Namco. Mle kuna mizimu minne inakuwinda kwenye vichochoro. Ukiangalia haraka unadhani yote ni sawa, imetofautiana rangi tu. Kumbe kila mmoja ana kanuni yake. Mwekundu anakuja moja kwa moja pale ulipo. Wa pinki haji ulipo, anakwenda vyumba vinne mbele ya uso wako, yaani anakuvizia. Wa bluu anapiga hesabu inayotegemea wewe upo wapi na yule mwekundu yupo wapi, kwa hiyo humtabiri kirahisi. Wa machungwa anakufuata akiwa mbali, lakini akikaribia vyumba nane anaghairi, anarudi kwenye kona yake. Majina yao ya Kijapani yanasema hivyo hivyo: mkimbizaji, mviziaji, kigeugeu, na yule anayejifanya hajui kitu. Halafu kuna vipindi ambapo wote wanaacha kukuwinda, kila mmoja anarudi kwenye kona yake, upate kupumua. Kanuni nne, mistari michache tu, na watu duniani wamepoteza sarafu zao kwa miaka zaidi ya arobaini wakiamini mizimu ile ina roho mbaya.

Nikapenda hilo kama mwalimu. Hakuna roho mbaya mle. Kuna kanuni.

Sasa adui wa msingi unamjengaje? Wanakompyuta wanaita mashine ya hali. Jina linatisha lakini ni kitu unachokijua. Mfikirie mbwa wa jirani. Hali ya kwanza, amelala. Ukipita karibu anaingia hali ya pili, anabweka na kukukimbiza. Akikufikia, hali ya tatu, anauma. Ukivuka mpaka wa kiwanja chake, hali ya nne, anarudi kulala kama vile hamkuwahi kuonana. Kwa wakati mmoja yupo kwenye hali moja tu, na kila hali ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ukishaandika milango hiyo, umemaliza adui. Mengine ni rangi.

Kwa kuwa laptopu ni moja, nikawatoa nje uwanjani. Tukafanya adui wa karatasi. Mmoja anakuwa adui, anapewa kadi yenye kanuni, na haruhusiwi kufanya lolote ambalo halijaandikwa. Kadi ilisema hivi: Simama. Ukimwona mtu ndani ya hatua tano, mkimbize. Akifika zaidi ya hatua nane, mwache, rudi mahali pako. Kabla ya kumgusa nyanyua mkono juu, hesabu moja, ndipo uguse. Ukishagusa, pumzika kwa kuhesabu mpaka tatu.

Msione ni mchezo wa kitoto. Kuna mambo makubwa mawili kwenye ile kadi. La kwanza ni zile hatua tano na nane. Kwa nini zisiwe tano na tano? Tulijaribu. Mtoto akisimama kwenye mpaka wenyewe, adui anachanganyikiwa: anakuja, anarudi, anakuja, anarudi, anatetemeka kama mwenye malaria. Kwenye kompyuta inakuwa vile vile, mara sitini kwa sekunde. Dawa yake ni kumpa umbali mmoja wa kukuona na umbali mkubwa zaidi wa kukukatia tamaa. Kwangu niliweka pikseli 160 za kuona na 220 za kupoteza. Hapo adui anaonekana ana msimamo.

La pili ni mkono kunyanyuliwa. Adui lazima akuonyeshe kwamba anakuja kupiga. Akipiga bila ishara, mchezaji anapigwa asijue amekosea nini, na mtu asiyejua amekosea nini hajifunzi, anakasirika tu. Wana-elimu wenzangu, hii si ndiyo ile tuliyoandikia insha? Jaribio zuri ni lile mwanafunzi akifeli anaona mwenyewe alipofelia. Nusu sekunde ya mkono juu ni mwalimu kuliko ukurasa mzima wa maelekezo. Vygotsky alisema kuna yale mtoto anayoyaweza peke yake na yale anayoyaweza akisaidiwa, na kazi ya mwalimu ipo katikati. Adui mzuri wa gemu anakaa hapo hapo katikati.

Basi bwana. Mchezo ukakolea. Na hapo ndipo lilipotokea lile lililonifanya niandike leo.

Ilipofika zamu ya kuchagua adui mwingine, dogo mmoja akapaza sauti akimwonyesha mwenzake kidole: "Wewe ndiye mkimbizi! Anza wewe!" Wote wakacheka. "Madam, mkimbizi anakuja! Kimbieni!" Na yule aliyeonyeshwa kidole akacheka pia, akachukua kadi, akacheza. Mizunguko miwili. Mzunguko wa tatu akanirudishia kadi, akasema tumbo linamuuma, akaenda kukaa chini ya mti.

Pale kijijini kila mtu anajua bibi yake alitoka ng'ambo. Mtoto mwenyewe amezaliwa Biharamulo. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na anasema Kihangaza kama watu wa Ngara. Kihangaza, Kirundi, Kinyarwanda na Kiha ni lugha zinazosikilizana; watu wakae mezani, kila mmoja aongee yake, chai itanywewa na watacheka pamoja. Sasa kwa sikio gani utamtambua nani ni nani?

Nikaichukua ile kadi nikawa adui mimi mwenyewe. Wakafurahi sana kumkimbia Madam. Lakini usiku sikulala vizuri.

Nilikuwa nawaza neno lenyewe. Kiswahili kimetengeneza jambo hili vizuri sana: kukimbia na kukimbiza. Herufi moja tu imeongezeka, lakini maana imegeuka upande wa pili. Mkimbizi ni yule anayekimbia. Anayekukimbiza ni mtu mwingine kabisa. Kwenye mchezo wetu adui ndiye alikuwa anakimbiza, na watoto wakampa jina la anayekimbia. Aliyekimbizwa ndiye akageuzwa mkimbizaji.

Na jina hilo halikutoka hewani. Kwetu lina historia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa ishirini na nne hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Robo milioni, daraja moja! Kambi ya Benaco ikaota ikawa mji kwa siku chache. Desemba 1996 Wanyarwanda wengi wakarudishwa kwao. Warundi nao walikuja kwa awamu zao, toka mwaka 1972 na kuendelea. Na katika miaka ile ile ya 1990 na 2000 msitu wa kwetu ulikuwa na ujambazi wa barabarani, mabasi yalikuwa yanasubiriana yapangwe msafara, yasindikizwe na polisi wenye silaha. Watu wakaunganisha mambo mawili kuwa moja: mkimbizi, jambazi, jambazi, mkimbizi. Halafu Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga kwenye mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, na maelfu kwa maelfu wakaondoka, wakiwemo watu walioishi hapa miaka mingi. Hawa watoto wa klabu yangu walikuwa wadogo sana wakati huo, wengine hawajazaliwa. Lakini neno wamelipokea, kama unavyopokea wimbo bila kujua nani aliuimba.

Kesho yake nikampelekea baba mdogo maneno haya. Baba mdogo alikuwa utingo wa malori enzi zile, amelala Nyakanazi akisubiri msafara mara nyingi kuliko alivyolala nyumbani. Nikamwamkia, nikamwonyesha laptopu, nikamwambia gemu ni la lori linalotoka Runzewe kwenda Rusumo, na ninatafuta adui.

"Weka majambazi," akasema.

"Watoto watawaita wakimbizi, baba."

Akanyamaza kidogo. "Mama, nikuambie kitu. Jambazi hakuwa na kabila. Jambazi alikuwa na taarifa. Alijua gari gani lina pesa, linatoka saa ngapi. Sasa mtu aliyeingia jana na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hiyo taarifa aliitoa wapi? Taarifa ilikuwa inatoka hapa hapa, kwenye hivi vibanda tunavyokunywea chai."

Hayo ni maneno ya baba mdogo, na yeye alikuwepo, mimi sikuwepo.

Rumeti wangu nilipompigia simu akanishambulia kwa upande mwingine. Yeye anasema gemu la barabarani bila binadamu wenye silaha ni gemu la chekechea. "Mshirikina wewe, unaogopa jina! Chora mtu, mpe kitambaa usoni, basi. Nani atamjua kabila?" Nikamwambia tatizo ndilo hilo hilo. Ukimchora mtu usimpe jina, mchezaji atampa jina analolijua. Kitambaa usoni ni karatasi tupu, na kila mtoto ana kalamu aliyopewa nyumbani.

Tukabishana mpaka vocha ikaisha. Lakini nikakumbuka jambo. Wakenya walitoa gemu la kupiga risasi linaitwa Nairobi X mwaka 2015, la Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division Games. Adui mle ni viumbe kutoka anga za mbali wanaovamia Nairobi. Zamani nilidhani wameiga sinema za Marekani tu. Sasa naona faida yake nyingine: kwenye nchi yoyote yenye vidonda vya kikabila, adui asiye na kwao duniani ana unafuu mkubwa. Hakuna jirani atakayerudi nyumbani na jina la adui mgongoni.

Ila mimi viumbe vya anga sikuvitaka. Nyakanazi anga ya nini? Nilitaka adui wa kwetu, anayejulikana, anayeuma kweli. Na alikuwepo muda wote. Ukipita ile barabara ya msituni, kwenye mapori yaliyokuwa ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo mwaka 2019 yakafanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, unafunga vioo vya gari hata kama kuna joto la kuiva. Kwa nini?

Mbung'o!

Wadau, mimi mwana-baiolojia nikajipiga paji la uso. Mbung'o tayari ana mashine ya hali, Mungu alishaiandika. Muda wake mwingi anapumzika kivulini, kwenye gome la mti. Hiyo ni hali ya kwanza. Kitu kikubwa kikipita kinachotembea, ng'ombe, mtu au lori, anakiona na kukifuata, na anavutwa zaidi na rangi iliyokolea, bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Hiyo ni ya pili. Anatua, anauma, dume na jike wote wanakula damu. Ya tatu. Akishiba anakuwa mzito, anarudi kivulini kusaga chakula. Ya nne. Na madhara yake ni ya kweli: malale kwa binadamu, nagana kwa ng'ombe.

Nikakaa na Godot, programu ya kutengenezea magemu isiyo na malipo, inayokubali hata kwenye laptopu zee kama yangu. Mchezaji ni utingo ameshuka kubadilisha tairi porini. Silaha yake ni usinga. Lori lina tairi sita za kukaza, na kila nati inachukua sekunde kadhaa. Mbung'o anakuona kwa pikseli 160, lakini si kila wakati: ukitulia kabisa, umbali wake wa kukuona unashuka mpaka 60. Ukiwa umevaa shati la bluu unapanda mpaka 240. Kwa hiyo mchezaji ana maamuzi ya kufanya kila sekunde: nikaze nati nionekane, au nitulie muda uende? Kabla ya kuuma mbung'o anatua na kukunja mabawa nusu sekunde. Hiyo ndiyo ishara, mkono juu wa kwenye kadi. Ukiwahi na usinga, umempiga. Ukichelewa, umeumwa.

Kisha lile la kundi. Mbung'o kumi wakikuvamia kwa pamoja huna ujanja, na gemu linakuwa adhabu. Watengenezaji wengi wa magemu ya mapigano wanatumia mbinu ya zamu: kunakuwa na tiketi chache za kushambulia, mwenye tiketi anapiga, wengine wanazunguka zunguka wakitisha tu. Ni kama foleni ya bombani: ndoo ziko ishirini, koki ni mbili. Nikaweka tiketi mbili. Mbung'o anayeuma anarudisha tiketi, mwingine anaichukua. Mchezaji anaona kundi kubwa, moyo unamwenda mbio, lakini kwa wakati mmoja anapambana na wawili. Hofu ya kumi, kazi ya wawili. Dogo mwingine akapendekeza shati la pundamilia, nikaliweka, maana kweli michirizi ile haiwavuti mbung'o kama nguo ya rangi moja iliyokolea. Baiolojia imeingia yenyewe, sikuwaandikia hata notsi.

Kilichonitesa ni mwisho wa gemu. Unashindaje vita na mbung'o? Watoto walisema, "Unawaua wote kwa usinga." Nikawasimulia habari ya Unguja. Kule mbung'o walimalizwa kabisa, na kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o mwaka 1997. Hawakuwamaliza kwa kuwapiga peke yake. Baada ya kuwapunguza kwa dawa na mitego, walifuga mbung'o Tanga, wakayafanya madume kuwa tasa kwa mionzi, wakayamwaga kwa ndege mamilioni kwa mamilioni juu ya kisiwa. Jike wa porini akipandwa na dume tasa hapati mtoto. Na mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja tu, si kama nzi wa chooni, kwa hiyo kizazi kikaisha. Darasa lilikaa kimya. Halafu mmoja akauliza, "Kwa hiyo Madam, walishinda kwa kuongeza mbung'o?" Ndiyo mwanangu, walishinda kwa kuongeza mbung'o. Kiwango cha mwisho cha gemu letu kikawa hicho: huna usinga, una ndege.

Jumatano ya mwisho tukalicheza. Foleni mpaka mlangoni. Yule kijana wa chini ya mti alikuja, akakaa nyuma kama kawaida yake. Ilipofika zamu yake akatulia tuli, hakai anapunga usinga hovyo kama wengine. Aliwasubiri watue. Nusu sekunde, paa! Nusu sekunde, paa! Akakaza nati zote sita, ndiye pekee aliyemaliza kiwango cha kwanza bila kuumwa hata mara moja. Wenzake wakaanza kumuuliza anafanyaje, akawa anawaelekeza: "Usimwangalie akiwa hewani. Mwangalie akitua." Hakuna aliyesema mkimbizi siku ile. Wangemwita nani? Mbung'o hana bibi ng'ambo.

Sisemi gemu limeponya kitu. Neno lile liko palepale, mtaani, kwenye vibanda, na nina uhakika kesho yake lilitumika. Mwalimu wa fildi anakaa wiki chache, neno lina miaka thelathini. Na baba mdogo hajaridhika mpaka leo. Alilicheza, akaumwa vibaya, akacheka, halafu akaniambia, "Zuri. Ila umewaondoa majambazi barabarani, na wale tuliowazika je? Wenzangu walikufa pale. Siku moja lazima mtu awaambie hawa watoto." Sikuwa na jibu zaidi ya hili: nitawaambia, lakini kwa maneno, darasani, kwenye historia yenye tarehe na majina ya mahali, ambako mtoto anaweza kunyoosha mkono na kuuliza. Kwenye gemu hakuna kunyoosha mkono. Adui anakuja, unampiga, hayo ndiyo maelezo yote. Kitu kinachotaka maelezo marefu usikiweke mahali ambapo jibu ni kubonyeza kitufe. Baba mdogo akasema, "Tutaona, mama." Na mimi nasema tutaona.

Haya wadau, mie ninao mtihani wa saikolojia ya elimu Jumatatu na desa lenyewe sijalifungua. Anayetaka gemu aje na flashi isiyo na virusi, chumba mnakijua. Na mtakaokwenda fildi mwakani, mkipangiwa huku kwetu msilie. Mje. Ila mfunge vioo vya basi mkishapita Runzewe, na mashati ya bluu muyaache Dar.